Vumbi la Mawe
Barabara kuu ya kutoka Isiolo kwenda Moyale hupita Ngaremara, wala barabara haijengwi pasipo mawe kupasuliwa. Vumbi la mawe hayo ni adui asiye na kishindo: huingia mapafuni, na baada ya miaka mingi mtu hukosa pumzi. Maradhi hayo hayaponi, lakini huzuilika kwa kumwagia mawe maji na kwa kujifunika pua na mdomo kwa kinga ifaayo.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 yamlazimu mwenye kuajiri watu 20 au zaidi aunde kamati ya usalama na afya, nao wafanyakazi wawe na wajumbe wao humo. Basi kijana aajiriwapo na kampuni kubwa, na aulize mapema: mjumbe wetu ni nani? Ujira hulipwa mwezi kwa mwezi; pumzi iliyopotea hailipiki.