Kabla hujamnyooshea kidole Matindi, uliza nani alinunua ndege



Tangu ripoti ya CAG ya mwaka 2023/24 itoke na ile hasara ya Sh bilioni 91.8 ya ATCL, magrupu yetu kuanzia Tunduma, Vwawa hadi Ileje yamegeuka kijiwe cha kupima mabosi. Huyu anasema Mattaka ndiye aliyeizika Air Tanzania. Yule anajibu kwamba Matindi ndiye aliyeifufua, na mwingine anamrukia kwamba Matindi huyo huyo ndiye katuachia hasara. Wa mwisho anataka Ulanga apewe muda. Nimesoma yote, na mengine yamenichekesha kweli. Ila naona tunapima watu kwa rula ambayo wao wenyewe hawakuishika.

Twende taratibu.

Shirika lilianzishwa Machi 1977, baada ya East African Airways kuvunjika. Mwaka 2002 Serikali ikauza asilimia 49 kwa South African Airways kwa dola milioni 20. Ndoa ile haikudumu. Ilivunjika 2006, Serikali ikachukua hisa zake, na Rais Kikwete akamkabidhi shirika David Mattaka, mzee aliyetokea mfuko wa pensheni wa PPF.

Urithi wa Mattaka una jina moja tu mitaani: Airbus. Oktoba 2007 ATCL iliingia mkataba na kampuni ya Wallis Trading kukodi Airbus A320 kwa dola 370,000 kila mwezi. Ndege iliruka kwa miezi michache, ikapelekwa Ufaransa kwa matengenezo, ikakaa huko huku kodi inahesabika, mpaka deni likapita dola milioni 40. Desemba 2008 mamlaka ya anga, TCAA, ikalinyang'anya shirika cheti cha kurusha ndege, likarudi angani mwezi uliofuata. Machi 2010 Boeing 737 ikaharibika Mwanza, haikuruka tena. Kwa hiyo anayesema kipindi kile kilikuwa kibaya hajakosea, na mimi simtetei mtu. Lakini mkataba wa ukubwa ule haukusainiwa gizani na mtu mmoja. Serikali iliudhamini. Dhamana ya Serikali haitoki kwenye droo ya mkurugenzi wa ndege, inatoka Hazina, na kule Hazina kuna waziri, na huyo waziri ana aliyemteua. Mbona hao hawamo kwenye orodha zenu?

Baada ya Mattaka ndipo inakuja sehemu ambayo hakuna anayeijadili, na mimi naona ndiyo yenye somo kuliko zote. Kuanzia 2011 hadi 2016 shirika la ndege la taifa liliongozwa na makaimu. Alikaimu Paul Chizi. Wakati wake, Aprili 2012, Dash 8 ikaanguka Kigoma, tukashukuru Mungu watu walitoka wazima. Miezi miwili baadaye Waziri Mwakyembe, jirani yetu wa Kyela, akamsimamisha na kumweka Kapteni Milton Lazaro, naye akikaimu. Akaja Kapteni Johnson Mfinanga, kaimu vilevile. Miaka mitano! Mwenye duka Tunduma akimwachia kijana duka mwezi mzima bila kumwambia mwisho wa mamlaka yake, kijana hataagiza hata katoni ya sabuni, atauza kilichopo mpaka rafu ziwe nyeupe. Ndivyo ilivyokuwa. Rafu za ATCL zilibaki na Dash 8 moja. Sasa utaandika urithi gani wa mtu aliyepewa ndege moja, madeni ya mwenzake, na barua inayosema "kaimu"? Mimi siwezi kuwapa maksi hata nikitaka. Swali langu ni kwa aliyekuwa na kalamu ya uteuzi akaiacha imekauka miaka yote hiyo.

Haya, Matindi. Septemba 2016 Rais Magufuli akamteua Ladislaus Matindi, na mwezi huohuo Bombardier Q400 mbili zikatua Dar. Julai 2018 ikaja Dreamliner ya kwanza, mwisho wa mwaka Airbus A220, kisha zingine na zingine. Mwaka 2023 tukapokea ndege ya mizigo, Boeing 767, na Boeing 737 MAX. Matindi alikaa karibu miaka minane, na alipoondoka Julai 2024 shirika lililokuwa na ndege moja lilikuwa na zaidi ya kumi. Tuseme ukweli hata kama sisi ni wapinzani: hayo ni mabadiliko yanayoonekana kwa macho, na kijana wa Tunduma aliyepanda ndege kutoka Songwe kwenda Dar akakwepa kilomita zaidi ya 900 za barabara hawezi kudanganywa kwamba hakuna kilichofanyika. (Kwa wageni: uwanja unaoitwa Songwe uko Mbeya, mkoa unaoitwa Songwe hauna uwanja huo. Msituulize, hatukupanga sisi.)

Lakini nani alichagua zile ndege? Zilinunuliwa na Serikali kwa fedha taslimu, zikawekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, na ATCL ikawa mpangaji anayekodishwa. Yaani mkurugenzi anapewa magari ambayo hakuyachagua na anayalipia kodi, halafu mwisho wa mwaka CAG anakuja kumuuliza faida iko wapi. CAG akasema hasara ya 2019/20 ni takriban bilioni 60, na kwamba ilikuwa miaka mitano mfululizo ya hasara. Mwaka 2021/22 ikashuka hadi bilioni 35, uliofuata ikapanda bilioni 56.6, na 2023/24 ikafika 91.8, na hapo ruzuku ya Serikali imeshaingia. Sehemu kubwa ya maumivu ya miaka hii ni injini za zile A220, ambazo zimesumbua mashirika mengi duniani, ndege zikalala chini zikisubiri injini. Je, Matindi ndiye aliyesimama kwenye jukwaa kutangaza A220? Mnakumbuka nani alisimama. Na 2019 ndege yetu ilipokamatwa Johannesburg kwa sababu ya mkulima aliyenyang'anywa mali miaka ya themanini, lile halikuwa deni la ATCL. Lilikuwa deni la Serikali, ndege ikageuzwa rehani.

Sisemi Matindi asihojiwe. Mipango ya safari, mauzo, kuahirisha safari, wafanyakazi, vipuri: hayo ni ya menejimenti, na miaka minane ni mingi. Ninachokataa ni kumpa yeye peke yake sifa za ndege zilizokuja au lawama za ndege zilizolala.

Ulanga, aliyetoka TTCL, hana hata miezi sita kazini, Desemba 2024, Umoja wa Ulaya unaipiga marufuku Air Tanzania kwenye anga lake. Juni 2025 marufuku ikapanuliwa kwa mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, na sababu ikatajwa: usimamizi wa usalama wa TCAA. Huo ni urithi wa Ulanga? Hapana. Ila kesho kutwa mtu atamwandikia.

Kwa nini haya yanatuhusu sisi wa mpakani? Kwa sababu pesa inayoziba hasara haitoki mawinguni. Sehemu yake inatoka hapa, kwenye foleni ya malori ya Congo na Zambia, kwa mama anayevusha mzigo kutoka Nakonde na kulipia kila kitu. Huyo mama maji anayapata kwa mgao. Barabara ya Igawa hadi Tunduma, kilomita 218, tumeahidiwa njia nne tangu sijui lini, na malori bado yanaparamiana. Hata Fastjet, ambayo si ya Serikali, ilipotua Songwe kuanzia 2013 watu wengi wa kawaida walionja ndege kwa mara ya kwanza, ikatoweka mwisho wa 2018 tukabaki na uchache wa wachuuzi wa anga.

Kwa hiyo makamanda, mkiandaa ile mada yenu ya "bosi bora wa ATCL" kwenye space ya Jumamosi, nawaomba mwongeze mambo mawili. Kwanza, kila jina la mkurugenzi liandikwe pembeni ya jina la Rais aliyemteua na waziri wa wakati huo. Pili, wabunge wetu waulizwe wazi: mikataba ya ununuzi wa zile ndege, na ya kuzikodisha kwa ATCL, imewahi kuwekwa mezani Bungeni ikasomwa ukurasa kwa ukurasa? Mattaka alilaumiwa kwa mkataba wa ndege moja. Hizi ni zaidi ya kumi.