Mwanasesere wa Sabili

Mwezi Machi mwaka 2011, wafanyakazi wa Maktaba ya Ushairi ya Uskoti, mjini Edinburgh, walikuta mti mdogo wa karatasi umeota juu ya kitabu. Pamoja nao palikuwa na yai la karatasi lililopasuka, ndani lina rangi ya dhahabu na vipande vya maneno kutoka shairi la Edwin Morgan. Fundi wake hakuonekana. Kijikaratasi kilisema tu kwamba kazi ile imetengenezwa kuunga mkono maktaba, vitabu, maneno na fikra.

Miezi iliyofuata vikazuka vingine: gramafoni na jeneza katika Maktaba ya Taifa, vimekatwa kutoka riwaya ya Ian Rankin, kisha dinosau katika Makumbusho ya Taifa, akichomoza ndani ya kitabu cha Arthur Conan Doyle. Kufikia Novemba vilitimia kumi. Ujumbe wa mwisho ulidokeza kwamba fundi ni mwanamke. Jina hakulitia.

Kwa nini mtu akeshe na wembe na gundi, kisha aondoke mikono mitupu, bila hata ahsante? Jibu limo katika desturi ya sahani. Huku kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Aliyeletewa futari leo atatafuta cha kurudishia kesho. Ni desturi njema, lakini ina uzito wake kwa asiye na kitu, na wapo wanaoikwepa zawadi kwa kuwa wanaijua safari ya sahani. Zawadi ya asiyejulikana haina sahani. Waswahili wa zamani walilifahamu hilo walipotoa maji ya sabili: mpita njia hunywa, hushukuru Mungu, huenda zake, wala haulizi maji ni ya nani.

Basi na awepo mwanasesere wa sabili.

Huko Uingereza na Australia wapo wanaofuma wanyama wadogo wa uzi na kuwaacha kwenye mabenchi na vituo vya basi, kila mmoja na kikaratasi kinachomwambia atakayemwona amchukue, ni wake. Afrika Mashariki haihitaji kufundishwa ufundi huo. Mikono iliyojaza sebule vitambaa vya makochi inashindwaje kufuma sungura? Vipande vinavyofagiliwa chini ya cherehani ya fundi vinatosha kushona wanasesere wa mtaa mzima. Na vijana wanaounda magari ya waya, magurudumu yake yamekatwa kutoka kandambili kuukuu, ni mafundi kamili ingawa hakuna anayewaita hivyo.

Kipingamizi kipo, tena si cha kupuuzwa. Mwanasesere aliyelazwa njia panda alfajiri hataokotwa na mtu. Ataitwa kafara, na watoto watavutwa mkono wapite mbali. Wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam, walioshuhudia milipuko ya mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998, nao wana sababu ya kukitilia shaka kifurushi kisicho na mwenyewe. Kumcheka mwenye hofu hizo ni utovu wa adabu. Kinachofaa ni kumwondolea shaka: kitu kiachwe wazi, kisifungwe ndani ya mfuko mweusi, kiwe na maandishi makubwa ya Kiswahili chepesi, kiwekwe penye watu na kwa idhini ya mwenye mahali, kama vile rafu ya maktaba, benchi la kliniki ya watoto au kaunta ya duka la mtaani. Mhudumu akijua, nusu ya hofu imekwisha.

Tena kiwe kizuri. Kumwachia mgeni takataka na kuiita sadaka ni kumtukana. Macho ya mwanasesere yatariziwe kwa uzi, yasiwe vifungo wala shanga, kwa maana mtoto aliye chini ya miaka 3 hutia kila kitu kinywani na kipande kidogo humkaba. Mishono ivutwe kwa nguvu kabla mtoto hajaivuta yeye.

Ugonjwa wa siku hizi ni simu. Mtu huacha zawadi, kisha hujibanza nyuma ya nguzo akimrekodi aliyeiokota, na jioni uso wa mtoto wa watu uko mtandaoni. Huyo kaleta sahani, naye anangoja irudi imejaa. Injili ya Mathayo na Hadithi za Mtume, kila moja kwa njia yake, zinausifu mkono wa kuume unaotoa bila wa kushoto kujua. Hakuna palipotajwa mkono wa tatu ulioshika kamera.

Mwaka 2012 kazi zile za Edinburgh zilitembezwa Uskoti katika maonyesho, watu wakaenda kuzitazama. Kama fundi wake alikuwamo miongoni mwa watazamaji, alisimama pale kama mgeni mwingine yeyote.