Apige au Arudishe Tu?



Juma hili nataka tuzungumze habari za mchezo wa tenisi. Tafadhali usigeuze ukurasa na kusema, "Mimi sijapata kushika raketi hata siku moja." Jambo lenyewe si gumu, na mzazi ye yote mwenye kijana mkali atalitambua upesi.

Fikiri habari ya msichana wa miaka 16. Anapenda kupiga. Kila mpira unaomjia anaupiga kwa nguvu zake zote, tena anaulenga penye mstari. Ukiingia, mwenzake hana la kufanya ila kuutazama ukipita. Lakini mara nyingi hauingii. Unanasa wavuni, au unatua nje kwa shubiri moja. Mwenzake hana pigo la kutisha hata moja. Kazi yake ni kurudisha, kurudisha, kurudisha, na mwisho wa yote yeye ndiye anayeshinda. Baba wa msichana amesimama nje ya uwanja, uchungu umemjaa, naye anapiga kelele, "Rudisha tu mpira, mwanangu! Mwache akose yeye!"

Je, baba huyu asema kweli? Kabla hatujamjibu, yafaa tutazame kisa kimoja kilichotokea mbele ya macho ya dunia nzima.

Mashindano makubwa ya Ufaransa huchezwa kila mwaka mjini Paris, katika viwanja vya Roland Garros. Viwanja hivyo vimefunikwa vumbi jekundu la matofali yaliyosagwa. Mpira ukitua juu ya vumbi lile hupungua mwendo na kuruka juu, na mwenye mbio na subira hupata nafasi ya kuufikia. Kwa hiyo watu husema kwamba pale ni mahali pa wavumilivu, si pa wenye pupa.

Mwaka 2017 alifika huko binti mmoja wa Latvia, jina lake Jelena Ostapenko. Katika orodha ya wachezaji wa dunia alikuwa wa 47. Mama yake mzazi ndiye aliyemfundisha tenisi tangu utoto. Alitimiza miaka 20 siku ile ile aliyoshinda nusu fainali, tarehe 8 Juni, na siku mbili baadaye akaingia fainali kupambana na Simona Halep wa Romania. Halep alikuwa na miaka 25, mwepesi wa miguu, hodari kabisa wa kurudisha.

Halep alishinda seti ya kwanza 6-4, na katika seti ya pili akaongoza 3-0. Hapo wengi wetu tungalimpigia binti yule kelele ile ile ya baba. Lakini yeye hakubadili mchezo wake. Aliendelea kupiga. Akaishinda seti ya pili 6-4, na ya tatu 6-3, akawa Mlatvia wa kwanza kutwaa kombe kubwa la namna hiyo katika mchezo wa mmoja kwa mmoja.

Sasa tuingie katika hesabu, maana hesabu ya siku ile ni ya ajabu. Ostapenko alipiga mipira 54 isiyorudishika. Akafanya pia makosa 54 ya kujitakia, yaani makosa ambayo hakulazimishwa na mtu. Halep alipiga mipira 8 tu isiyorudishika, na makosa yake yalikuwa 10 tu. Jumlisha mapigo ya Ostapenko na makosa ya Halep, utapata pointi 64. Jumlisha mapigo ya Halep na makosa ya Ostapenko, utapata 62. Hizo ni mbali na zile pointi ambazo mmoja alimlazimisha mwenzake kukosa.

Wadhani hesabu hii yatufundisha nini? Kwanza, baba yetu si mjinga. Tofauti ilikuwa ndogo mno, na kama mkono wa binti yule ungaliteleza mara chache zaidi, leo tungesema kwamba pupa ilimponza. Lakini tazama upande wa pili. Katika zile pointi 62 za Halep, 54 alipewa na mwenzake. Alifanya kila jambo kwa uangalifu, hata hivyo kushinda au kushindwa kwake kulikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Mkono ule ulipotulia, yeye hakuwa na la kuuzuia. Mwenye kungoja mwenzake akose hana budi kungoja, na siku nyingine mwenzake hakosi.

Lakini kisa hakiishi hapo. Mwaka uliofuata, 2018, Ostapenko alirudi Paris akiwa bingwa, akatolewa katika mchezo wake wa kwanza kabisa na Kateryna Kozlova wa Ukraine, 7-5 na 6-3. Siku hiyo alifanya makosa 48 ya kujitakia, na mara 13 alikosa mipira yote miwili ya kuanzia. Gemu moja yataka pointi 4. Basi hizo 13 ni zaidi ya gemu 3 nzima alizomgawia mwenzake bure. Na ni nani aliyelichukua kombe mwaka ule? Ni Halep yule yule, aliyeshindwa seti ya kwanza na Sloane Stephens wa Marekani, kisha akashinda mbili zilizofuata. Mwaka 2019 akamshinda Serena Williams huko Wimbledon, 6-2 na 6-2, akifanya makosa 3 tu ya kujitakia katika mchezo mzima. Mtu asiseme tena kwamba uangalifu hauzai matunda.

Basi tumwambie nini msichana wetu? Maoni yangu ni haya. Asiache kupiga. Halep alifanikiwa kwa sababu mbio na subira ndizo zilizokuwa mali yake. Kumwambia mwenye kipaji cha kupiga aige mwenye kipaji cha kukimbia ni kumnyang'anya mali yake bila kumpa nyingine. Atakuwa mrudishaji wa kawaida tu, na warudishaji wa kawaida ni wengi. Tena nadhani ni rahisi kumwongezea mtu jasiri busara kuliko kumwongezea mwoga ushujaa.

Lakini yako mambo matatu anayopaswa kujifunza, na hakuna hata moja linalomtaka apige kwa unyonge.

La kwanza ni mpira wa kuanzia. Sheria yampa nafasi mbili. Ule wa kwanza aupige apendavyo. Ule wa pili asiusukume kwa woga. Mkono uende kwa kasi ile ile, ila raketi iupanguse mpira kwenda juu ili uzunguke. Mpira unaozunguka hivyo hupita juu ya wavu kwa nafasi kubwa, kisha huinama na kuangukia ndani.

La pili ni njia ya mpira. Wavu wa tenisi hauna kimo kimoja. Penye nguzo ni sentimita 107, lakini katikati ni 91 tu. Uwanja wenyewe una urefu wa meta 23.77, na upana wa meta 8.23 kwa mchezo wa mmoja kwa mmoja. Ukipima kutoka pembe hata pembe utapata meta 25 na zaidi. Kwa hiyo anayepiga kwa mshazari hupita palipo na wavu mfupi, tena ana uwanja mrefu zaidi wa kutulia mpira wake. Anayepiga sambamba na mstari wa kando hupita penye wavu mrefu na uwanja mfupi. Nguvu ni ile ile, lakini hatari si sawa. Hata huo mshazari asiulenge mstarini. Alenge hatua moja ndani.

La tatu ni kutazama miguu yake mwenyewe. Akiwa amesimama vizuri, na mpira ni mfupi mbele yake, apige bila huruma. Akiwa amevutwa pembeni, anahema, na mwili umeinama, auinue mpira juu ajipatie nafasi ya kurudi mahali pake. Pigo lake halijapotea. Linangoja mpira unaolistahili.

Na wewe baba, nina kazi kwa ajili yako pia. Acha kelele, chukua karatasi na kalamu. Chora safu mbili. Katika ya kwanza andika makosa aliyofanya akiwa amesimama vizuri, akipiga mpira uliostahili kupigwa. Katika ya pili andika yale ya kupiga huku akianguka, na mipira ya kuanzia aliyoikosa yote miwili. Jioni, mkiisha kula, mwonyeshe. Safu ya kwanza msamehe, maana hiyo ndiyo ada ya kujifunza ushujaa. Safu ya pili mwambie, "Hizi ni zawadi tulizowapa watu. Tuzipunguze." Usistaajabu akiendelea kushindwa miezi kadhaa. Itazame safu ile ya pili; ikiwa inapungua, kijana wako anaendelea vema.

Ostapenko mwenyewe hakuuacha mchezo wake. Tangu mwaka 2017 hadi 2025 hakupata kombe jingine kubwa la mmoja kwa mmoja, na mara nyingi alishindwa na watu waliokuwa chini yake. Lakini Aprili 2025, akiwa na miaka 27, alilitwaa kombe la Stuttgart kwa kumshinda Aryna Sabalenka, aliyekuwa wa kwanza duniani, 6-4 na 6-1. Alimshinda kwa kupiga, kama alivyozoea.

Kwaherini mpaka juma lijalo.