Mtumbwi Usiwe Pambo la Langoni

Katika klabu yetu ya historia limezuka shauri la kununua mtumbwi mkuukuu wa Ziwa Kivu, kuupaka rangi, na kuuweka langoni mwa shule ili wageni wautazame. Wengi wamelipenda shauri hilo. Mimi nimelipinga, na wenzangu wameniuliza kama nadharau mambo ya wazee. La, siyadharau hata kidogo, na ndiyo maana naandika.

Mtu asimamaye hapa Nyabugogo huona mabasi, watu na mizigo, wala hakumbuki maji. Lakini mto wa Nyabugogo huingia katika Nyabarongo, na zamani, kabla ya madaraja, msafiri alivushwa Nyabarongo kwa mtumbwi. Majeshi ya Mfalme Kigeli IV Rwabugiri yalifika kisiwa cha Ijwi kwa mitumbwi, na mwaka 1895 mfalme huyo alifariki akiwa katika safari ya vita upande wa Kivu. Basi mtumbwi ni urithi wetu. Swali ni hili: urithi huo hukaa wapi, katika mti au katika mikono ya watu?

Tutazame wenzetu wa pwani. Zamani watu wa visiwa vya Lamu walisafiri kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, chenye tanga la mkeka. Mitepe ikatoweka katika karne ya 20. Baadaye mafundi walijenga mmoja kwa mfano wa ile ya kale, ukawekwa Unguja katika jumba la Beit al-Ajaib. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka. Hata jumba la mawe halina ahadi ya kutuwekea urithi milele.

Tutazame na mbali zaidi. Mwaka 1976 watu wa Hawaii walisafiri mpaka Tahiti katika Hōkūleʻa, chombo walichokiunda kwa mfano wa vile vya mababu zao, bila dira. Chombo walikuwa nacho, ila kwao hakupatikana mtu wa kukiongoza kwa nyota na mawimbi. Ikawabidi wamwombe Mau Piailug, mzee wa kisiwa cha Satawal, awaongoze. Naye hakuwaficha elimu yake. Mwaka 1980 kijana wa Hawaii, Nainoa Thompson, aliiongoza safari hiyo mwenyewe. Kama elimu ya mzee yule ingalikufa naye, chombo kingalibaki pambo tu.

Kwa hiyo nasema, fedha tulizokusanya ziwe nauli. Wakati wa likizo tupande basi hapa Nyabugogo, twende Karongi. Tumtafute mwenye mtumbwi mbovu, tumwombe ruhusa, tuutengeneze pamoja naye pale pale ufukoni. Atuonyeshe jinsi ya kuziba ufa na kuchonga kasia. Sisi tupime urefu na upana, tuchore, na tuandike jina la kila sehemu kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Kazi ikiisha, mtumbwi urudi majini kwa mwenyewe, na daftari zetu zirudi shuleni.

Wako watakaosema kwamba tulikuja shule kushika kalamu, si shoka. Nawajibu kwamba kalamu ndiyo hasa ikosekanayo huko ufukoni. Fundi anajua kazi lakini hana aliyemwandikia, nasi tunajua kuandika lakini kazi hatuijui. Tukikutana, kila mmoja atampa mwenzake kile asichokuwa nacho.

Mtumbwi wa langoni utanyeshewa mvua, utaliwa na mchwa, na baada ya miaka michache utakuwa kuni za jikoni. Wazee waujuao mtumbwi nao hawatatungoja. Wenzangu, likizo i karibu. Tuamue.