Tahadhari Isiyo na Saini

Katika soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, hakuna mnunuzi mwenye akili apokeaye mzigo kwa kuutazama rangi tu. Dhahabu hupimwa, kwani mawe ya manjano yasiyo na thamani ni mengi. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, arudipo ofisini na kukuta baruapepe yenye kichwa "Tahadhari ya Usalama", huiamini kwa sababu ya jina la mpelekaji na nembo iliyobandikwa juu. Vitu hivyo viwili hata mtoto wa shule aweza kuviigiza. Wakazi wa Shinyanga waliokwisha kupata ujumbe wa simu usemao "ile hela tuma kwenye namba hii" hawahitaji kuelezwa zaidi.

Dawa ipo tangu zamani. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, wa Marekani, walieleza wazo la funguo mbili, mmoja wa siri na mwingine wa wazi. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman walibuni njia ya kutia saini kwa kutumia namba tasa. Programu hukokotoa kwanza muhtasari wa barua. Muhtasari huo hutiwa saini kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji huikagua saini kwa ufunguo wa wazi. Ikibadilishwa herufi moja tu, saini hukataliwa.

Kazi hiyo haidai mtambo wa gharama. Programu ya GnuPG hutolewa bure, na skripti ya mistari michache yaweza kuitia tahadhari saini na kuituma. Lakini hapo ndipo penye hatari isiyosemwa vya kutosha: fundi mvivu huliandika neno la siri ndani ya skripti yenyewe, asisumbuke kuliandika kila mara. Mwizi wa faili hilo na ufunguo ameiba muhuri pamoja na wino wake. Afadhali tahadhari ichelewe dakika tano, mtu aisome kwanza, kisha aliandike neno hilo kwa mkono wake.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki. Kwa hiyo udhuru wa sheria haupo. Shida iliyobaki ni namna ya kuufikisha ufunguo wa wazi. Ukiletwa na barua ile ile hauthibitishi kitu, maana tapeli naye ataleta wake. Hapana budi alama fupi ya kuutambulisha ipigwe chapa katika karatasi na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi na shule, kuanzia Mwadui hadi Geita, ambako mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuilinganisha na ile aionayo kwenye kompyuta.