Jenerali Mathews alikwama Pangani kwa nini?

Kumsifu Lloyd Mathews kwa kuliunda jeshi la Unguja si makosa. Mwaka 1877 Sultani Sayyid Barghash alimkabidhi luteni huyo wa jeshi la majini la Uingereza kazi ya kuunda kikosi cha kisasa, na baada ya miaka michache akawa jenerali wa Sultani. Ila sifa hizo huuruka mji wa Pangani, na hapo ndipo penye kipimo. Agosti 1888 Zelewski, wakala wa kampuni ya Wajerumani, alilazimisha bendera ya kampuni ipandishwe na kumdharau liwali hadharani. Mji ukachafuka. Sultani mpya, Khalifa, akamtuma Mathews na askari wake. Akawatoa Wajerumani waliozingirwa, lakini mji haukumsikiliza, akarudi Unguja.

Wapo watakaosema askari wake walikuwa wachache tu, kwani mwaka uliofuata Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliuteka mji uleule. Sawa, lakini Wissmann alikuja na mizinga na askari wa Kisudani, watu wasio na mjomba wala shemeji pwani yote ya Mrima. Mathews alikuja kwa jina la Sultani, na ni Sultani huyohuyo aliyetia saini mkataba wa Aprili 1888 ulioipa kampuni forodha na utawala wa pwani. Watu wa Pangani wamtii kwa amri ya nani? Abushiri, kiongozi wa uasi wa pwani, alilitumia pengo hilo la mamlaka, akanyongwa hapohapo Pangani Desemba 1889. Jenerali hakudhurika: mwaka 1891 akawa Waziri wa Kwanza wa Unguja, na cheo hicho akafa nacho mwaka 1901.