Nyumba ya bure, ufunguo wa bosi

Wiki mbili sijaandika, dawati la habari limenibana vibaya. Leo nimerudi na jambo lililonikwama kooni tangu mwezi uliopita: hii "nyumba ya bure" wanayoahidiwa walimu wetu wanaokwenda kufundisha ughaibuni.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina rafiki, tulikuwa naye chuo, mwalimu wa hisabati. Alichoka na mshahara wa shule binafsi hapa Dar, akaomba kazi Dubai, akapata. Siku aliyotuonyesha mkataba tulikuwa kijiweni, chipsi mayai mezani. Mshahara tuliupita haraka haraka. Macho yote yakaishia kwenye mstari mmoja: nyumba yenye samani, juu ya mwajiri. Jamani, tulishangilia! Hapa mjini sehemu kubwa ya mshahara inaishia kwa mwenye nyumba, halafu atokee mtu akupe fleti yenye kiyoyozi bila kutoa hata senti? Mimi mwenyewe nilimwambia, "Dada, saini kabla hawajabadili mawazo."

Ushauri ule naujutia.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Fleti ikawa ya kushirikiana na mwalimu mwingine, jambo ambalo mkataba haukulitaja, akasema si neno. Wageni mwisho saa nne usiku, na mlinzi anaandika majina. Asubuhi basi la shule linawazoa wote getini. Akiumwa, ofisi ya mkuu wa shule inajua kabla hajapiga simu. Mwaka wa pili, mwezi wa sita, akaitwa, akaambiwa mkataba hautaongezwa. Na ufunguo? Aurudishe siku shule inapofungwa. Zilikuwa zimebaki siku tisa! Akabeba mabegi yake hadi Sharjah, akalala kwenye kochi la mwalimu mwenzake Mkenya kwa wiki tatu. Muda ambao angeutumia kutafuta kazi, aliutumia kutafuta pa kulala.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, ile ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022, inasema mfanyakazi aihame nyumba ya mwajiri katika muda usiozidi siku 30 tangu kazi ikome, na mwajiri akikubali anaweza kuendelea kukaa kwa gharama zake. Yaani kulikuwa na nafasi ya kukaa mezani na kuzungumza. Yeye hakujua. Na mimi, mwandishi wa habari niliyeshangilia mkataba, sikuwa nimefungua hata ukurasa mmoja wa sheria hiyo.

Sasa nieleweke. Sisemi nyumba ya mwajiri ni mbaya. Kwa mgeni anayeshuka uwanja wa ndege na mabegi mawili, ni nusura. Dubai kodi ya nyumba hulipwa kwa cheki za tarehe za mbele, pengine moja, mbili au nne kwa mwaka mzima. Ili upate kitabu cha cheki lazima uwe na akaunti ya benki, na ili ufungue akaunti ya namna hiyo lazima uwe na kibali cha ukaazi. Hapo hujaweka dhamana ya mwenye nyumba, cha dalali, na dirham 2,000 za dhamana ya umeme na maji kwa fleti. Unayewalaani wenye nyumba wa Sinza kwa kutaka kodi ya miezi sita mkononi, nenda ukajaribu huko!

Ninachopinga ni lile neno "bure". Nyumba ile si zawadi. Ni sehemu ya mshahara wako, ila ni sehemu usiyoweza kuiweka akiba, kumtumia mama, wala kuondoka nayo. Sheria yenyewe inakiri hivyo: mwajiri ama atoe makazi yanayofaa, ama alipe posho ya makazi kwa fedha, ama aijumuishe kwenye mshahara. Nyumba na fedha vimewekwa kwenye mzani mmoja. Ni sisi tunaokwenda tukiamini tumepewa bakshishi.

Tupige hesabu kidogo, hata kama mlikimbia hisabati sekondari. Kiinua mgongo huko kwa mgeni aliyetimiza mwaka ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Angalia neno "msingi". Nyumba haimo. Posho ya nyumba nayo haimo. Tuseme shule inakupa dirham 7,000 za msingi na fleti ya dirham 4,000 kwa mwezi. Kiinua mgongo chako kwa mwaka ni dirham 4,900. Kama dirham zote 11,000 zingekuwa mshahara wa msingi, ungepata 7,700. Kwa miaka mitatu tofauti ni dirham 8,400, zaidi ya dola 2,200 za Marekani. Mwajiri anaijua hesabu hii. Wewe ulikuwa unahesabu viyoyozi.

Tena si Ghuba peke yake. Korea Kusini mpango wa serikali wa walimu wa Kiingereza, EPIK, humpa mwalimu chumba chenye samani au posho ya kila mwezi ajipangishie, na hilo limeandikwa. Mnavutiwa? Visa yenyewe ya ualimu wa lugha hutolewa zaidi kwa raia wa nchi saba, na kutoka Afrika ipo Afrika Kusini tu. Hata hao wenye bahati, wakiangukia vituo vya binafsi vya masomo ya ziada, nyumba mara nyingi inapangwa kwa jina la mwenye kituo, kwa sababu wenye nyumba kule hutaka dhamana kubwa sana. Visa kwa bosi, paa kwa bosi. Ukigombana naye Ijumaa, Jumatatu unaanza kuuliza bei ya hosteli.

Mnaweza kusema naongelea mambo ya watu wa mbali. Hapana, haya nimeyaona nikiwa mtoto. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mkoani Dodoma. Miaka 26 aliishi nyumba ya shule, vyumba viwili na jiko la nje. Alisakafu kwa fedha yake, akabadilisha bati zilizooza, akapanda mwembe. Kila aliposema anataka kununua kiwanja, alijijibu mwenyewe: haraka ya nini, nyumba si ipo? Alipofika miaka 60 akastaafu, na mwalimu mpya akaja na kitanda chake kwenye lori. Mama alianza kujenga akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanakaa barazani kucheza na wajukuu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nyumba ya kazi inasitiri, tena vizuri, na ndiyo maana inatusahaulisha kwamba tumeazima.

Kwa hiyo wewe mwalimu unayesubiri mkataba wa Doha, Muscat au Dubai, uliza kabla ya kusaini. Ni ya peke yangu au ya kushirikiana? Umeme, maji na intaneti juu ya nani? Likizo ndefu ya kiangazi naweza kubaki? Mume wangu, mke wangu, mtoto wangu anaruhusiwa kuishi humo? Nikitaka kutoka, posho ni kiasi gani, na imeandikwa wapi? Mkataba ukiisha au ukivunjwa nina siku ngapi? Mwajiri mwenye nia njema atajibu kwa barua pepe. Akikujibu "usijali, tutaelewana ukifika", hapo ndipo uanze kujali.

Ushauri wangu: mwaka wa kwanza chukua nyumba, upate pa kuweka mabegi. Ukishapata kibali na akaunti, dai fedha. Panga na wenzako wawili watatu, na kinachobaki kila mwezi kigeuze kiwanja huku nyumbani wakati bado una nguvu ya kusimamia fundi.

Rafiki yangu amepata shule nyingine, kwenye emireti ya jirani. Safari hii alidai posho, akapanga na walimu wawili, Mganda na Mkenya, na jina lake limo kwenye mkataba wa pango. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ufunguo kwenye WhatsApp. Mkataba wake mpya hakunionyesha kabla ya kusaini, na simlaumu.

Haya wadau, ninyi mlioko huko mnasemaje? Nyumba au fedha?